Mluzi wa Silantoi

Mafundi wengi wakistaafu hufuga kuku. Gerson naye alifuga, akajitahidi miaka mitatu mizima, lakini kuku wenyewe walishamjua mapema kwamba ni mzee asiyewapenda. Aliwamwagia pumba, akaokota mayai, nusu ya siku akasahau kufunga banda. Kwa hiyo ilipofika mwezi wa tano mwaka huu, akawagawa wote kwa majirani, akapiga banda deki kwa maji ya moto, akaning'iniza taa na kuingiza meza yake ya kazi ya zamani, hapakuwa na mtu mtaani Kijenge aliyeshangaa. Walichoshangaa ni kile alichokuwa akikitengeneza humo ndani.

Alikuwa akitengeneza spika.

"Mzee, shikamoo," alisema Maulida, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akichungulia mlangoni na sindano zake kifuani. "Si kuna zile spika ndogo siku hizi, unaweka hata mfukoni?"

"Marahaba. Spika ya kuwekwa mfukoni ni ya kusikilizisha mfuko," Gerson akamjibu, na hakuinua macho.

Maulida alicheka akaenda zake. Hakujua, na Gerson hakuwa tayari kumweleza, kwamba mzee huyo wa miaka sitini na saba alikuwa akimtafuta mkewe.

Ilianza hivi. Mwezi wa tatu, Nkasiogi, aliyekuwa akiimba bega kwa bega na mkewe, na akina mama wengine wawili wa kwaya ya Kisongo walikuja nyumbani kwake, wakanywa chai, wakaulizia afya ya kila mtu hadi ya kuku, kisha wakasema lililowaleta. Mwezi wa nane kwaya ingetimiza miaka hamsini. Walikumbuka kwamba mwaka themanini na saba Gerson aliwarekodi kanisani, kwa maikrofoni moja aliyoifunga kwenye fimbo ya kuchungia. Je, ile kanda ipo? Wangependa siku ya sherehe ipigwe, watoto wa kwaya ya leo wawasikie walioanza, maana wengi wao sasa wako makaburini.

"Ipo," alisema Gerson. "Kanda yangu haipotei."

Na kweli ilikuwepo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa kikavu. Jioni hiyohiyo aliiweka kwenye deki ya kaseti, akakaa kwenye kochi lake na kufumba macho. Nyimbo sita zikapita. Akawasikia wenye sauti ya nne wakinguruma, akamsikia mwalimu wa kwaya akigonga kiatu sakafuni, akajisikia hata yeye mwenyewe akikohoa, kikohozi cha kijana aliyekuwa akivuta sigara kwa siri. Alikuwa akingoja mwisho. Mwishoni, baada ya wimbo wa sita, mkewe Silantoi alimgeukia akiwa amesimama palepale mbele ya maikrofoni, akasema: "Gerson, zima basi. Sisi sauti zimetuisha."

Sasa, kuhusu Silantoi inabidi niseme jambo moja. Alikuwa na mwanya mpana wa meno ya mbele, ule ambao watu huusifia kwa mwanamke, na upepo ulipopita hapo akisema neno lenye "s", ulitoka na kijimluzi. Si kithembe, maneno yake yalikuwa safi. Kilikuwa kijimluzi chembamba kilichokaa juu ya neno na kutoweka kabla hujakishika. Ndicho kilichomfanya Gerson, mwaka themanini na tano, amalize wiki tatu akitengeneza redio ya baba yake Silantoi ambayo ilikuwa imekatika waya mmoja tu. Kila Silantoi alipokuja kuiulizia, akisema "samahani, fundi, bado siku ngapi sasa," Gerson aliongeza siku mbili. Walioana mwaka uliofuata, na kwa miaka thelathini na tano kijimluzi kile kilizunguka ndani ya nyumba kikiita watu mezani, kikigombana na wauza maziwa, kikisoma zaburi kwa sauti asubuhi. Silantoi alifariki mwaka ishirini na moja, kwa ugonjwa wa siku tisa.

Jioni ile, kwenye kochi, sauti yake ilitoka kwenye spika za sebuleni bila mluzi. Gerson alirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. "Gerson, zima basi. Sisi sauti zimetuisha." Maneno yote yalikuwepo, mwanamke alikuwepo, lakini alikuwa kama mtu mwingine aliyeazima sauti yake. Akajaribu kwenye spika ya binti yake Jackline. Akajaribu kwenye gari la jirani. Jackline alimhamishia kanda yote kwenye flash, naye akaisikiliza kwenye televisheni. Kote kulikuwa vilevile.

Gerson aliogopa. Alikuwa amezoea kuwa mgane, kama mtu anavyozoea mguu mbovu, lakini hili lilikuwa jambo jipya. Alipojaribu kuukumbuka mluzi wenyewe, akiwa amelala au akipiga mswaki, aligundua kwamba hata kichwani umeanza kuondoka. Alijua ulikuwepo, ila hakuweza tena kuusikia moyoni. Alihisi kwamba asipousikia mara moja tu, sikioni, safi, angeupoteza moja kwa moja, na mke wake angebaki kuwa picha ukutani kama marehemu wa watu wengine.

Basi akafanya alichokijua. Fundi akikosa sauti hulaumu spika. Alijiambia kwamba spika za siku hizi zinameza, zimetengenezwa kwa ajili ya kupiga ngoma za chini ili vioo vitetemeke, na hakuna aliyeshughulika na vitu vyembamba vya juu. Zile alizozitengeneza yeye na Sefu zisingemeza. Lakini za mwisho ziliungua ndani ya baa moja mwaka tisini na nne, pamoja na baa yenyewe.

Sefu alikuwa mwenzake tangu ujana. Walikuwa na chumba kimoja hapohapo Kijenge, kando ya barabara, na enzi hizo madukani hapakuwa na spika za kununua; ulitengeneza au ulikaa kimya. Walichomoa wufa, zile zinazotoa sauti nzito, na twita, zinazotoa sauti nyembamba, kwenye redio zilizokufa, wakachonga maboksi kwa mbao za makreti ya chai, na spika zao zikaenda kwenye kumbi, kwenye makanisa, kwenye harusi za Meru hadi Nduruma. Ufundi wao ulikuwa kwenye twita. Twita ni kitu kidogo, kama kifuniko cha chupa ya soda, na kasoro yake ni kwamba hutupa sauti kila upande, darini, ukutani, kwenye pazia, na inapomfikia msikilizaji inakuwa makombo. Sefu ndiye aliyegundua kwamba ukiitengenezea mdomo, sauti hukusanyika na kwenda inakotumwa. Walichanganya vumbi la mbao na gundi ya maseremala, wakaushindilia uji huo mzito katikati ya bakuli mbili, moja ikiwa ya uji ya mama yake Sefu, wakauanika siku nne, kisha wakaanza kuupiga msasa. Mdomo ulianza mwembamba kooni, pale twita inapokaa, ukafunguka taratibu hadi ukingoni. Ukikosea koo kwa unene wa ukucha, kazi yote imekwenda na maji.

Na walijuaje kama wamekosea? Hapo ndipo palipokuwa na kanda ya mchele. Mama yake Sefu, Bi Siwema, alikuwa akipepeta mchele uani kila alasiri, na siku moja Sefu alimrekodi nusu saa nzima bila yeye kujua. Mdomo mbaya uliutoa mchele ule kama mvua juu ya blanketi. Mdomo mzuri uliutoa punje kwa punje, ungeweza kuzihesabu zikidondoka kwenye ungo. Na mdomo bora kabisa ulitoa kitu kimoja zaidi, kilichojificha nyuma ya mchele: bangili mbili za Bi Siwema zikigongana kila aliporusha ungo. Spika isiyotoa bangili haikutoka dukani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na wateja waliingoja hata mwezi mzima.

Kanda ya mchele nayo ilikuwa kwenye kopo la maziwa. Kanda ya Gerson haipotei.

Mwezi wa sita ulikuwa wa baridi kali na ukungu uliofunika mlima siku nzima, na vumbi la mbao na gundi havikutaka kukauka. Gerson aliwasha jiko la mkaa bandani, akaanika midomo pembeni yake kama mtu anayechoma mahindi. Jozi ya kwanza ilitoa mvua juu ya blanketi. Ya pili pia. Akaibana koo, akaongeza kina, akaipiga msasa hadi ikang'aa. Blanketi. Mikono ilikuwa ikikumbuka kila kitu, jambo lililompa raha ambayo hakuitegemea; alijikuta akipiga mluzi wa nyimbo za zamani, akisahau chakula alicholetewa. Lakini mchele uligoma. Jozi ya tano akaongeza kina tena. Ya sita akafungua boksi na kung'oa rezista iliyokuwa ikiipunguza nguvu twita, kitu ambacho zamani angemkanya mtu yeyote asikifanye. Jozi ya saba, ikiwa na koo jembamba kama kalamu na twita isiyo na wa kuizuia, hatimaye ikaleta punje.

Gerson alikaa chini juu ya ndoo. Punje zile zilikuwa mbali kidogo, lakini zilikuwepo. Akampigia simu Sefu.

Sefu alikuja kesho yake kutoka Nduruma, ambako analima vitunguu tangu alipoacha ufundi, akaja na gunia dogo la vitunguu na kofia yake ileile. Walikaa kwenye viti viwili mbele ya spika, kama walivyokaa miaka arobaini iliyopita, na Gerson akabonyeza deki. Mchele ukaanza. Sefu akainamisha kichwa, akafumba jicho moja.

"Umo," alisema.

"Punje?"

"Punje zote. Gerson, bado unao mkono." Akatabasamu. "Hata bangili za mama nazisikia."

Gerson alimpiga begani. Wazee wawili wakacheka, wakasifiana, wakapeana mikono, wakaongeza sauti ili wazidi kufurahi. Laiti wangegeuka nyuma. Nyumba ya pili Maulida alikuwa akifunga dirisha, na mteja wake aliyekuja kupima gauni alikuwa ameshaondoka na kitambaa chake kwapani. Mbwa wa mtaani, aliyelala nje ya banda kila siku kwa sababu ya joto la jiko, alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara. Na mlangoni alikuwa amesimama Jackline, ametoka shuleni anakofundisha, mkoba begani na vidole viwili masikioni.

Alipoona baba yake amegeuka, alivishusha vidole upesi.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mzee Sefu."

"Marahaba. Njoo usikie, mwanangu. Njoo ukae hapa."

"Ni... ni kali kidogo, Baba."

"Ukali ndio uzuri wenyewe. Sasa ngoja tumsikie mama yako."

Aliweka kanda ya kwaya, akaipeleka hadi mwisho wa wimbo wa sita. Jackline alikaa ukingoni mwa meza, akauma midomo. Silantoi akasema, kutoka mwaka themanini na saba: "Gerson, zima basi. Sisi sauti zimetuisha."

Gerson alingoja, kana kwamba mluzi ungefika baadaye, wenyewe, ukitembea. Akarudisha nyuma. Akapiga tena, na tena.

"Mchele upo," alisema mwishowe. "Mama yako hayupo."

Jackline alimtazama Sefu, akaitazama sakafu, akarudi kumtazama baba yake. Alikuwa amelelewa vizuri, na mtu aliyelelewa vizuri hupata tabu sana kwenye saa kama ile.

"Baba, yupo," alisema. "Mluzi wake upo, kila neno. Upo hadi masikio yananiuma."

"Hapa?"

"Hapa. Na kwenye spika za sebuleni upo. Hata kwenye simu yangu upo, Baba. Mimi nilidhani unatafuta kitu kingine. Nilidhani labda kuna jambo la kifundi."

Mkaa ulilia kidogo ndani ya jiko, au ndivyo Jackline alivyosikia. Wazee wale wawili hawakusikia.

"Sefu," alisema Gerson. "Wewe umezisikia bangili."

Sefu alivua kofia, akaizungusha mkononi. "Sikuzisikia," alisema. "Nilizikumbuka." Akaivaa tena. "Asubuhi mke wangu ananiambia ndege wanapiga kelele kwenye mpapai. Mimi namwona ndege anafungua mdomo tu. Mwaka wa pili huu."

"Sasa ulikuwa unasifia nini?"

"Nilisifia ulichosifia wewe."

Gerson alitaka kukasirika, na angekasirika kweli, lakini alimwona rafiki yake alivyokaa na magunia ya miaka usoni, akaona ni kama anajitazama kwenye kioo. Alizima deki. Akachukua turubai lililokuwa likifunika chakula cha kuku, akazifunika spika zote mbili, akawashukuru kwa vitunguu na kwa kuja, akaingia ndani kulala, na ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Wiki nzima hakuingia bandani. Nisiseme alikuwa mgonjwa. Alikula, alioga, alimjibu kila aliyemsalimu. Lakini alikuwa mtu aliyefunga duka. Alimpigia simu Nkasiogi, akamwambia wakakodi spika za watu wa harusi, kanda atawapa. Nkasiogi akauliza kuna nini. Gerson akasema hakuna kitu, umri tu. Usiku alilala kwa sikio la kushoto, kisha kwa la kulia, akayachunguza yote mawili kama anayetafuta mbu, asisikie chochote. Uchungu wake ulikuwa huu: Silantoi alikuwepo ndani ya ile kanda, mzima, na mluzi wake, watu wote waliweza kumsikia, hata mbwa. Yeye peke yake ndiye aliyefungiwa nje.

Jumamosi Jackline alikuja na mahindi ya kuchemsha. Alimkuta amekaa barazani akiutazama mlima Meru, ambao siku hiyo ulikuwa umeamua kuonekana. Walikula. Kisha binti akasema, kwa sauti ya mwalimu anayeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu:

"Baba, nifundishe kusikia mchele."

"Wa nini tena?"

"Zile spika zako mbaya. Zinakata kama wembe. Nkasiogi akizikodi za harusi, zile zitafunika kila kitu kwa ngoma, Mama atasikika kama yuko ndani ya pipa. Mimi masikio ninayo ila mkono sina. Wewe mkono unao."

Gerson alilitafuna hindi lake hadi likaisha. "Hujui hata koo ni wapi," alisema.

"Ndiyo maana nimesema unifundishe."

Walianza kesho yake baada ya ibada, na kwa wiki nne kila alasiri Jackline alipitia bandani kabla ya kwenda kwake. Gerson alirudisha rezista mahali pake. Akavunja jozi ya saba kwa nyundo, akakoroga vumbi na gundi upya, akaanza mdomo kwa vipimo vya zamani, vile alivyokuwa ameviandika kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka themanini na sita. Alimweka binti kwenye kiti, akapiga kanda ya mchele, akamwambia aseme anachosikia, asiseme kinachompendeza baba yake.

Mwanzoni Jackline hakuwa na maneno. Alisema "nzuri", alisema "sijui". Gerson akamwambia hayo si majibu, mwanafunzi wake angemjibu hivyo angemrudishia daftari. Taratibu akaanza kuyapata. Siku moja alisema mchele ni kama unapepetwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Siku nyingine alisema ungo ni wa bati. Gerson akasikiliza maneno hayo kama daktari, akakuna kidevu, akachukua msasa, akapita kooni mara nne, mara tano, akapiga tena. Alijifunza pia kumsoma uso. Mdomo ukiwa mkali, kope za Jackline zilitangulia kufumba kabla hajasema. Mdomo ukiwa mzito, alisogeza shingo mbele bila kujijua, kama mama yake alipokuwa akimsikiliza mtu wa simu ya mbali.

Kuhusu bangili, hakumwambia kitu. Alimpigia Sefu na kumkataza naye asiseme. Mtu akishaambiwa kuna bangili, atazisikia hata kwenye kikaango. Hilo walikwishalithibitisha wao wenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya mwisho ya mwezi wa saba. Jackline alikuwa amechoka, amekuja na madaftari ya kusahihisha, anasikiliza huku kalamu iko mkononi. Gerson alikuwa amepita msasa laini mara mbili tu, akabonyeza deki bila kutegemea lolote. Kalamu ikasimama.

"Baba. Huyu bibi amevaa kitu."

Gerson aliogopa kupumua.

"Mkononi. Kinagonga akirusha ungo. Viko viwili, vinagongana, tin, tin. Ni bangili?"

Gerson aliuweka msasa mezani, akapangusa vumbi mikononi kwa suruali yake. "Ni bangili," alisema. "Imetosha. Tusiguse tena."

"Tuweke kanda ya Mama, tusikie."

"Hapana. Mama yako tutamsikia Kisongo."

Jackline alibisha kidogo, akasema si busara kwenda na kitu hakijajaribiwa. Gerson akamwambia kimejaribiwa, mchele haudanganyi. Ukweli ni kwamba hakuweza. Kukaa tena kwenye kile kiti, kumtazama mwanawe akisikia, na yeye asisikie, ilikuwa kazi ambayo angeiweza mara moja tu zaidi, na hiyo mara moja alitaka aitumie mbele ya watu.

Jumapili ya sherehe kulikuwa na upepo wa Kisongo, ule unaojaza vumbi hadi kwenye Biblia. Kanisa lilijaa. Spika za Gerson, mbili, zimepakwa varnishi, zilisimama kushoto na kulia mbele ya madhabahu, na watoto wa kwaya walikuwa wakiitazama ile midomo ya vumbi la mbao kama watu wanaotazama mnyama. Sefu alikuja pia, akakaa nyuma na kofia yake mapajani. Alisema kwamba hata Muislamu anaruhusiwa kuangalia kazi ya mikono yake. Mchungaji alipomaliza, Gerson akasogea kwenye deki iliyokuwa juu ya meza pembeni. Ndege ndogo ilikuwa ikishuka kwenye uwanja wa ndege wa jirani, wakaingoja ipite. Akabonyeza.

Nyimbo sita zikapita. Watu walitabasamu, wengine wakaimba pamoja nazo chini kwa chini, mzee mmoja akatambua sauti ya kaka yake na kufunika uso kwa leso. Gerson hakuwa akizisikiliza. Alikuwa ameupa ukuta mgongo na kuwatazama watu. Benchi la mbele walikaa akina mama waliobaki wa kwaya ile ya kwanza, wanne, wamebanana, Nkasiogi akiwa mwisho kwenye njia ya katikati. Wimbo wa sita ukaisha. Kiatu cha mwalimu kikanyamaza.

"Gerson, zima basi," alisema Silantoi kanisani kote. "Sisi sauti zimetuisha."

Gerson alisikia maneno matupu, kama siku zote. Lakini alimwona Nkasiogi. Kabla watu hawajacheka, kabla yeye mwenyewe hajafahamu anafanya nini, yule mama wa miaka sabini alikusanya sketi yake na kujisogeza, akawasukuma wenzake watatu, na pembeni yake kwenye benchi ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Akageuza kichwa kumtazama anayekuja kukaa. Akakuta njia ni tupu. Akabaki hivyo, mkono wake umewekwa juu ya mbao, mahali pale.

Gerson alilia, tena kwa sauti, wala hakutafuta leso. Jackline alikuja akasimama karibu naye.

Baada ya ibada, watu walipotoka nje kwenye chakula, Nkasiogi alimfuata pale mezani alipokuwa akifunga kanda kwenye kitambaa chake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba Jackline," alisema. "Umemsikia mwenzangu? Na ule mluzi wake?"

"Sikumsikia," alisema Gerson. "Nimekuona wewe ukimpisha akae."